Namna ya Kuitazama Picha ya Zamani Mpaka Umwone Mwigizaji: Mwongozo Kamili

Sisi wa Mombasa tumezirithi picha za zamani za Kihindi kwa masikio kabla ya macho. Nyimbo zake tumezisikia arusini, katika redio za jikoni na katika taarabu, kwa kuwa waimbaji wetu, marehemu Juma Bhalo akiwa mbele yao, waliyachukua mahadhi ya filamu hizo wakayatilia mashairi ya Kiswahili ambayo watu wazima wanayakumbuka hadi leo. Kwa sababu hiyo utamkuta mtu wa Kibokoni au wa Majengo anayeweza kuuimba wimbo wa mwaka 1955 kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini ukimuuliza mwigizaji aliyesimama mbele ya kamera alikuwa akifanya nini kwa mikono yake, hana jibu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kulijaza pengo hilo. Ninazipenda picha hizi kwa moyo wangu wote, na ninaamini kwamba sehemu iliyo bora zaidi ndani yake ni ile ambayo hatujaizoea, yaani kazi ya mwigizaji katika nyakati ambazo haimbi wala hasemi.

Hatua ya kwanza: Chagua mwigizaji mmoja

Anayeanza huwa anatafuta orodha ya picha mia zilizo bora, akazikusanya zote, akatazama mbili na nusu ya tatu, kisha akachoka. Njia hiyo siipendekezi hata kidogo. Chagua mwigizaji mmoja na picha zake mbili, ukae nazo mwezi mzima, kwa kuwa uigizaji ni jambo la kulinganisha: huwezi kujua mtu ameficha nini mpaka umwone mahali pengine ambapo hakukificha.

Kwa anayeanza ninampendekeza Nargis, aliyezaliwa mwaka 1929 kwa jina la Fatima Rashid, na picha zake mbili, Awaara ya mwaka 1951 na Mother India ya mwaka 1957. Ukitosheka naye, mwendee Dilip Kumar, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Yusuf Khan, mzaliwa wa Peshawar, aliyefariki mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 98. Madhubala na Meena Kumari waache wasubiri kidogo. Sisemi hivyo kwa upungufu wao, bali kwa sababu uzuri wa sura zao humshughulisha mtazamaji mgeni kiasi cha kumsahaulisha kuitazama kazi yao.

Hatua ya pili: Hakikisha picha uliyoipata ni nzima

Miaka mingi iliyopita nilinunua diski ya Mother India kwa muuzaji mmoja wa mjini, nikaitazama mpaka mwisho nikiamini kwamba nimeiona. Ami yangu aliponiuliza nimeuonaje wimbo wa arusi, nikagundua kwamba sikuwa nimeona wimbo wowote, kwa kuwa zote zilikuwa zimekatwa ili picha iingie katika diski moja. Tangu siku hiyo sianzi kutazama kabla sijaangalia urefu wa nakala. Mother India inakaribia saa tatu, na Mughal-e-Azam ya mwaka 1960 ina dakika 197. Ukiipata ya saa mbili, jua kwamba mtu amepitisha makasi, na aghalabu kilichokatwa ni nyimbo na zile nyakati za kimya ambazo mkataji hakuona maana yake.

Angalia pia ni nakala gani. Mughal-e-Azam, kazi ya mwongozaji K. Asif, ilipigwa kwa sehemu kubwa katika rangi nyeusi na nyeupe, ila wimbo wa jumba la vioo na sehemu ya mwisho zilipigwa kwa rangi kamili. Mwaka 2004 ilirudishwa sinema ikiwa imetiwa rangi yote. Nakala hiyo inang'aa na watu wengi wanaipenda, lakini nakushauri uanze na ile ya asili. Ukiwa umekaa katika kijivu kwa muda mrefu, halafu ghafla Anarkali, mcheza ngoma wa kasri anayeigizwa na Madhubala, akatokea katika rangi akimwimbia Mfalme Akbar usoni kwamba aliyependa hana cha kuogopa, mshtuko unaoupata wewe ni sehemu ya ujasiri wake yeye. Nakala iliyotiwa rangi tangu mwanzo imekwisha kuupoteza mshtuko huo. Sholay ya mwaka 1975 nayo ina miisho miwili, kwa kuwa wakaguzi wa serikali ya India hawakuukubali ule wa kwanza, ambamo Thakur, anayeigizwa na Sanjeev Kumar, anamwua jambazi Gabbar kwa miguu yake, ikabidi upigwe mwingine ambamo polisi wanafika kumzuia. Itazame miisho yote miwili, ulinganishe uso wake.

Hatua ya tatu: Tengeneza runinga na chumba

Picha nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 1950 zilipigwa katika umbo linalokaribia mraba, ambapo upana unazidi kimo kwa thuluthi moja hivi. Runinga za leo ni pana, na nyingi zikiachwa zilivyo huivuta picha kushoto na kulia mpaka ijaze kioo. Matokeo yake ni kwamba mashavu yananenepa, mabega yanashuka, na Nargis, ambaye shingo yake ndefu ni nusu ya uigizaji wake, anaonekana mfupi na mzito. Ingia katika mipangilio ya runinga, utafute umbo la picha, uchague 4:3 au umbo la asili. Ukiona mistari myeusi pembeni usiiondoe, kwa sababu hiyo ndiyo dalili kwamba unaiona picha kama ilivyokusudiwa. Kisha uzime mpangilio wa kulainisha mwendo. Filamu hizi zilipigwa kwa picha 24 kwa kila sekunde, na runinga inapobuni picha zake yenyewe za kujaza katikati, mwendo wa waigizaji hutoka umelegea kama wa mchezo wa kila siku wa runinga.

Kuhusu chumba, tatizo la mji wetu ni feni. Dilip Kumar alijijengea jina kwa kusema chini, karibu na kunong'ona, katika zama ambazo waigizaji wengi walikuwa bado wanapaza sauti kama walioko jukwaani, na feni ya dari ikizunguka kwa kasi hutamsikia. Mimi huziweka picha zake kwa ajili ya miezi ya kusi, kuanzia Juni hadi Agosti, wakati ambapo usiku dirisha lililofunguliwa linatosha. Wakati wa kaskazi tumia vipokea sauti vya masikioni, au uisogeze spika karibu na kiti chako. Anza baada ya sala ya isha, simu ikiwa chumba kingine, na kachiri na bisi zisubiri mpaka mapumziko.

Hatua ya nne: Itazame mara ya kwanza bila kuisimamisha

Mara ya kwanza usiandike chochote, wala usirudishe nyuma. Acha hadithi ikuchukue, ulie panapoliza. Picha hizi zilitengenezwa zikiwa na mapumziko katikati, nayo yaheshimu: inuka, unywe kahawa chungu, uzungumze na mwenzio kuhusu mtakayoyaona mbele, kisha urudi. Wazee wetu waliokwenda majumba ya sinema ya Naaz, Regal na Majestic walizitazama hivyo, nusu mbili zenye mazungumzo katikati yake, na nusu ya pili huwa nzito zaidi kwa mtu aliyekwisha kubishana kuhusu ile ya kwanza.

Hatua ya tano: Tega sikio upate maneno uliyokwisha kuyajua

Wengi hutegemea maandishi ya chini ya picha, na macho yao hukaa hapo muda wote, chini ya kidevu cha mwigizaji. Sisi watu wa Pwani tuna bahati ambayo hatuitumii. Mazungumzo ya picha hizi, hasa zile zilizoandikwa kwa Kiurdu fasaha kama Mughal-e-Azam, yamejaa maneno yaliyotoka katika Kiarabu, na mengi ya maneno hayo yamo pia katika Kiswahili chetu. Ukisikia duniya ni dunia, waqt ni wakati, maut ni mauti, khabar ni habari, haq ni haki, insaaf ni insafu, na muhabbat ni jamaa wa mahaba. Weka daftari, na kila unapolitambua neno liandike. Utakapofika maneno thelathini au arubaini, utaanza kuuacha mstari wa chini kwa muda mfupi mfupi na kuinua macho usoni, na hapo ndipo kutazama hasa kunapoanza. Akbar wa Prithviraj Kapoor anapoizungumzia haki, sauti yake inalikalia neno lile kwa uzito ambao maandishi ya chini hayawezi kuubeba, na wewe huhitaji mkalimani wa kukueleza kwa nini.

Hatua ya sita: Zima sauti, utazame onyesho moja

Hatua hii ndiyo kiini cha mwongozo wote, nami nitakaa hapa kwa muda. Chagua onyesho moja la dakika nne au tano kutoka katika picha ambayo umekwisha kuiona nzima, uzime sauti kabisa, ulitazame mara tatu. Mara ya kwanza fuata mikono peke yake. Mara ya pili fuata shingo na mabega. Mara ya tatu mtazame yule asiyesema, kwa kuwa mwigizaji mkubwa hujulikana kwa namna anavyosikiliza.

Chukua mwanzo wa Mother India. Radha, anayeigizwa na Nargis, ni bibi kizee, na tunamwona na bonge la udongo wa shamba mikononi, ameuleta karibu na uso wake. Watu wa kijiji wanamwomba azindue mfereji wa maji, naye anasitasita. Anavishwa shada la maua, harufu ya maua inampanda, na kumbukumbu inamrudisha siku ya arusi yake. Kukiwa na sauti, muziki unakueleza kila kitu. Bila sauti, unabaki na mwanamke aliyegusa vitu viwili, udongo na maua, na unaona jinsi anavyovipokea kwa namna mbili tofauti. Udongo anaugusa kama mtu anayegusa kitu chake. Maua anayapokea kama mtu aliyepewa kitu ambacho hakustahili kupewa tena. Katika mambo hayo mawili madogo, saa tatu nzima za picha zimekwisha kuwekwa mbele yako.

Sasa ongeza jambo hili. Nargis alizaliwa tarehe 1 Juni 1929, na Sunil Dutt, anayeigiza kama mwanawe Birju, alizaliwa tarehe 6 Juni mwaka huohuo. Siku tano ndizo zinazowatenganisha. Moto ulipozuka katika upigaji wa picha hiyo, Sunil Dutt ndiye aliyeingia kumwokoa, na mwaka uliofuata, 1958, walioana. Ukishajua hayo, rudi utazame onyesho la mwisho, ambapo Birju amempakia bintiye mkopeshaji Sukhilala juu ya farasi siku ya arusi ya binti huyo, na mama anasimama njiani na bunduki. Birju haamini kwamba mamake anaweza kumpiga. Radha anamjibu kwamba yeye ni mwanamke pia, na kwamba binti yule ni heshima ya kijiji kizima. Zima sauti, utazame mwili wa Nargis peke yake. Rangi nyeupe ya nywele haitoshi kumpa mwanamke wa miaka ishirini na minane umama juu ya mwanamume wa rika lake. Umama ule umo katika jinsi uzito wa mwili wake unavyoshuka kwenye nyonga na miguu, kama mtu aliyevuta plau kwa mabega yake mwenyewe, na tulimwona akiivuta. Baada ya risasi anakimbia, na kukimbia kwake ndiko kulikonishinda kwa miaka, kwa kuwa aliyesimama na bunduki alikuwa hakimu na anayekimbia ni mama, na mabadiliko hayo yanapita bila neno lolote.

Kwa onyesho la pili la zoezi hili, nenda kwenye unyoya katika Mughal-e-Azam. Shahzada Salim, mwana wa Mfalme Akbar anayeigizwa na Dilip Kumar, anaupitisha unyoya polepole juu ya uso wa Anarkali, huku sauti ya mwimbaji Bade Ghulam Ali Khan ikisikika kama inatoka mbali ndani ya kasri. Hakuna busu, hakuna kukumbatiana, na bado sijaona onyesho la mapenzi lililo zito kuliko hilo. Dilip Kumar na Madhubala walikuwa wamependana kweli kwa miaka, kisha wakaachana kwa uchungu, na onyesho hili lilipopigwa walikuwa hawasalimiani tena. Hebu tazama kope za Madhubala ukilijua hilo. Alikuwa pia akiishi na maradhi ya moyo yaliyokuja kumwua mwaka 1969, akiwa na umri wa miaka 36. Sitaki kusema kwamba huzuni yao wenyewe ndiyo iliyoingia kwenye picha, maana kusema hivyo ni kuwanyima sifa ya ufundi. Ninachosema ni kwamba watu wawili wasiosemezana waliweza kukaa umbali wa unyoya mmoja na kutupa sisi mapenzi, na hiyo ni kazi ya mikono na pumzi, inayopimika ukiitazama kwa utulivu.

Hatua ya saba: Rudi kwenye wimbo, utazame aliyeazima sauti

Sasa washa sauti. Karibu kila mwigizaji wa zama hizo aliimbiwa na mwingine aliyerekodi studio: Lata Mangeshkar, Mohammed Rafi, Mukesh, Asha Bhosle. Mwigizaji hufika mbele ya kamera sauti ikiwa imekwisha kurekodiwa, naye ana kazi ya kuipa mwili. Tazama koo na mbavu. Mwigizaji hafifu hufungua mdomo tu, lakini aliye hodari huvuta pumzi kabla ya ubeti kama mtu ambaye sauti itatoka kwake kweli.

Watu wa Mombasa waliozoea kukaa karibu na mpiga udi katika taarabu watanielewa nikisema tazama vidole. Katika Kohinoor ya mwaka 1960 kuna wimbo ambao ndani yake Dilip Kumar anapiga sitari. Angeweza kupigwa picha ya uso, na vidole vikawa vya mtu mwingine. Badala yake alijifunza chombo hicho kwa ajili ya onyesho hilo, na vidole vyake vinakwenda na noti. Fundi wa udi niliyemwonyesha kipande hicho hakutazama uso wa Dilip Kumar hata mara moja. Alitazama mkono wa kushoto mpaka mwisho, akaomba airudie.

Hatua ya nane: Linganisha

Hatua hii ni fupi ikiwa zile za kabla yake zimefanywa vyema. Mtoe Nargis kutoka kijiji cha Mother India, umweke kando ya Rita, wakili kijana wa Awaara, uandike tofauti tano katika mwendo, mikono na namna ya kumtazama mwanamume machoni. Usiandike sifa kama "mzuri" au "hodari", andika kilichofanyika. Katika Awaara hiyohiyo, kumbuka kwamba hakimu anayegombana na Raj Kapoor, mwigizaji mkuu wa picha hiyo, ni Prithviraj Kapoor, babake mzazi, kwa hiyo baba na mwana wanaigiza baba na mwana wasiojuana, na kila mmoja anajizuia kwa namna yake.

Anayetaka kuona vizazi viwili vikikutana aende Shakti ya mwaka 1982, ambapo Dilip Kumar ni baba na Amitabh Bachchan ni mwana. Mama anapofariki, mwana analetwa mbele ya baba, na wanakaa pamoja bila kusemezana. Baada ya mwezi wa kutazama mikono na mabega, hutahitaji mtu akueleze kinachopita pale.

Hatua ya tisa: Mwendee mzee aliyeiona sinema

Hatua hii usiichelewe, kwa kuwa wazee wetu wanaondoka. Tafuta katika ukoo wako mtu aliyeiona picha hiyo katika jumba la sinema, umwendee kwa heshima, ukiwa na kahawa na mahamri, na daftari lako likiwa tayari lina uliyoyaona mwenyewe. Usimwombe akusimulie hadithi, kwa kuwa hadithi unaijua na yeye huenda ameichanganya na nyingine. Muulize alikaa wapi, alikwenda na nani, watu walipiga kelele wapi, na wapi walinyamaza. Andika jina la jumba na mwaka ikiwa anaukumbuka. Kisha mwombe akuonyeshe mwigizaji alivyofanya.

Nilijifunza swali hilo la mwisho kwa shangazi yangu. Aliiona Mother India akiwa msichana, picha iliporudishwa tena mjini, akiwa na dada zake na buibui zao, na nilipomuuliza kuhusu mkopeshaji na mgogoro wa shamba alisema hakumbuki vizuri. Nikamuuliza, "Basi shangazi, Nargis alipokuwa mzee alitembeaje?" Akaweka kikombe chini, akainuka kwa kushika mkono wa kiti, akavuka ukumbi akitanguliza bega la kulia, mkono mmoja ukiwa wazi mbele yake kama wenye udongo ndani. Alipofika mlangoni akageuka, akaniambia kwamba bega amelikosea, akarudi kuanza upya.